Tulivyoigiza "Chipsi Hakuna" Malindi, na mambo ya kujua kabla hujawauzia watu kicheko na kuku kwa tiketi moja

Hiki hakuna mtu alituambia mapema: ukichanganya mchezo wa kuigiza na chakula, bosi wa usiku huo si dairekta, si mwandishi, wala si yule msanii mwenye jina mjini. Bosi ni karai, lile la kukaangia. Mafuta yakichelewa kushika moto mchezo mzima unachelewa, na kuku akitoka kabla ya mstari wake mzaha umekwisha hapo hapo. Naandika manake kuna vikundi huku Pwani vinaniuliza "ile ya Malindi mlifanyaje" na kila mara najikuta natuma voisi ndefu mpaka mtu anachoka kusikiliza, basi wacha niiweke yote mahali pamoja.

Wazo lilitoka kwenye habari ya kweli. Mnakumbuka Januari 2022 KFC hapa Kenya waliishiwa na chipsi? Duka la kuku na chipsi, chipsi hakuna. Viazi walikuwa wanaagiza kutoka nje, mizigo ikachelewa baharini mambo ya korona, wakawaambia wateja wabadilishe wachukue kitu kingine, na Wakenya mitandaoni wakawaka moto, ati nchi ina wakulima wa viazi kutoka Nyandarua mpaka Meru na nyinyi mwangoja meli? Sisi kikundi chetu tumezoea kuigiza mashuleni na kwenye sherehe, tukaicheka sana ile habari, halafu mwenzetu mmoja akasema hii mbona ni mchezo tayari, kilichobaki ni kugawana sehemu.

Hadithi tuliyoitengeneza ni hii. Duka jipya la chakula cha haraka linafunguliwa Malindi, limepakwa rangi linang'aa, meneja ameletwa kutoka Nairobi na tai yake, limeahidi oda kwa dakika 3 ama hulipi. Viazi viko melini. Jirani yake ukutani yuko Bi Karai, mama muuza viazi karai (viazi vya kuchovya kwenye unga na kukaanga), ana gunia zima na wala hana haraka. Watazamaji ndio wateja: wako mezani, wanaagiza kwa wahudumu ambao ni waigizaji, wanaambiwa hakuna, wanapewa vocha, wanapewa namba, wanapewa fomu ya malalamiko, na wanamwona meneja akitoka kinyemela kwenda kumbembeleza Bi Karai amuuzie viazi, na Bi Karai anampandishia bei kila anapotaja neno "kampuni". Mwishowe chakula kinakuja, kinatoka kwa Bi Karai. Sasa angalia penye kazi: mzaha wote ni kwamba chakula hakiji, lakini yule mtu amelipa, ametoka kwake na njaa, na watoto wameshinda njaa mchana kwa ajili ya kuku wa usiku. Ukimchekesha kwa njaa yake lazima ujue dakika gani anaacha kucheka.

Tulikuwa pia na Kanali, anayemtokea meneja ndotoni. Harland Sanders mwenyewe, mwanzilishi wa KFC aliyeitwa Kanali (kazaliwa 1890, kafariki 1980) alianza kuwapikia wasafiri kwenye kituo cha mafuta huko Corbin, Kentucky, mwaka 1930, na ukanali wake ni heshima aliyopewa na gavana wa jimbo mwaka 1935, si cheo cha vitani. Hiyo pekee ilitupa nusu ukurasa. Bi Karai anamuuliza, "Kanali wa jeshi gani, baba?" Anajibu, "Wa kuku." "Basi wapigie saluti, wako kwenye mafuta." Watu waliangua kila usiku, hata wale waliokuja mara ya pili. Lakini suti nyeupe na ile sura yake hatukuigusa, wala jina la kampuni halikutajwa jukwaani hata mara moja, manake hizo ni alama za biashara za watu na sisi hatuna hela ya wakili. Kanali wetu alivaa kanzu, koti la mjomba wake na ndevu za pamba. Na ilichekesha zaidi hivo, kwa sababu ghafla alikuwa mzee wa hapa hapa Malindi anayedai cheo ambacho hakuna anayekijua kilitoka wapi.

Sasa mazoezi. Hapa nawashauri msome kidogo historia ya hawa watu wa chakula cha haraka, manake wao ndio waigizaji wa kwanza. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na mkahawa San Bernardino, California. Mwaka 1948 waliufunga kwa muda ingawa ulikuwa unaingiza pesa, wakapunguza menyu ikabaki vitu 9, halafu wakaenda uwanja wa tenisi wakachora jiko zima kwa chaki chini, saizi yake kamili, wakawaita wafanyakazi wapite mle ndani wakijifanya wanakaanga, wanafunga, wanatoa. Penye mtu anagongana na mwenzake wanafuta wanachora upya. Si ndio mazoezi ya jukwaa hayo? (Na kwa kujua tu, mpaka leo naandika McDonald's yao haina hata duka moja Kenya, kwa hiyo hapa kwetu waliowahi kuwaiga ni sisi bure kabisa.)

Uwanja wa tenisi hatukuwa nao. Tulichora kwa fimbo kwenye uwanja wa mpira wa mchanga, jioni jua likipoa: hapa karai, hapa meza ya kupakulia, hapa meza za wageni, hapa jukwaa, na watoto wa mtaa wakawa wateja. Tukabeba sinia tupu tukicheza mchezo mzima. Ndio tukaona yule mhudumu wa mstari wa kuchekesha kuliko wote anatakiwa awe pande mbili kwa wakati mmoja, na kwamba mtu mwenye sinia la kuku wanne hawezi kupita kati ya meza ya tatu na mlingoti wa taa bila kumwagia mtu ukwaju. Haya ukiyagundua kwenye mchanga ni kicheko. Ukiyagundua kwenye buibui la mtu ni kesi.

Na menyu tukaikata vile vile. Mwenye mkahawa alitaka tuweke pizza, Malindi si mnajua Wataliano walivyo wengi, akataka na samaki, na mishkaki, na shawarma. Tukagombana naye kidogo. Mwisho zikabaki kuku, chipsi, na viazi karai kwa ukwaju, na sahani ya bhajia kwa wasiokula nyama, basi. Vitu vichache ndio mpishi mmoja na msaidizi wake wanaweza kutoa kwa watu sitini kwa mpigo. Pizza tukaiingiza kama mhusika: kijana wa mtaa wa Barani anayeongea Kitaliano cha ufukweni kama maji, anaingia kila baada ya muda kulalamika kwamba yeye ameletewa oda ya mtu mwingine. Wataliano waliocheka sana ni wale wakaaji wa miaka mingi, wageni wa hotelini walikuwa wanauliza anasema nini.

Chipsi zina adabu yake, na hapa sikilizeni vizuri. Chipsi ikitoka kwenye mafuta inakaa vizuri dakika chache tu, baada ya hapo inalegea, na chipsi iliyolegea ndio malalamiko ya kwanza utakayosikia hata kama mchezo umewaua kwa kicheko. Dawa ni kukaanga mara mbili. Mara ya kwanza moto wa wastani, kama nyuzi 160, mpaka kiazi kiive ndani bila kupata rangi, unatoa unatandaza kwenye sinia zinapoa. Mara ya pili moto mkali, kama 190, dakika mbili tatu, zinapata rangi na ukavu. Raundi ya kwanza tuliimaliza kabla wageni hawajaanza kuingia. Raundi ya pili ilianza kwa wimbo: Bi Karai akiingia ubeti wa kwanza wa kumcheka meneja, mpishi anatumbukiza, na beti zake tulizipima kwa saa ya simu mpaka zikalingana na karai. Kuna usiku mafuta yalikuwa baridi, mpishi akanyoosha mkono kuonyesha bado, na Bi Karai akatunga beti mbili mpya pale pale kuhusu tai ya meneja. Mtu wa namna hiyo ukimpata mpe sehemu hiyo, usimpe mwenye kukariri tu.

Viazi vyenyewe vingi vinavyofika huku ni aina ya shangi kutoka bara, na shangi haichelewi kuota. Usinunue gunia wiki mbili kabla kwa sababu bei imeshuka. Muulize mama wa sokoni lori linashuka siku gani, ununue hapo.

Ukumbi ulikuwa ua wa mkahawa karibu na ufuo, makuti juu. Makuti, jamani, na karai la mafuta. Mwenye ukumbi alisema mbona yeye hukaanga hapo siku zote. Ni kweli, hukaanga sahani mbili, hakaangi huku watu wanakimbizana nyuma ya mpishi. Tukalitoa karai uani kabisa penye anga, mtungi wa gesi mbali na njia ya waigizaji, kifuniko kikubwa cha chuma pembeni, na kila mtu akaambiwa zaidi ya mara moja kwamba mafuta yakishika moto hayamwagiwi maji, unafunika na unazima gesi. Ilitugharimu kitu: kuonekana. Tulikuwa tunataka watu wamwone mpishi. Tukaridhika na harufu na ule mlio, ingawa mlio nao uliwafunika waigizaji wawili wenye sauti ndogo mpaka tukakodi maikrofoni. Na uangalie upepo, kusi ikivuma moshi unahama upande, meza zilizokuwa nzuri jana leo ni za kukohoa.

Makaratasi nitayapita haraka. Kila anayegusa chakula anatakiwa awe na cheti cha afya, kinachukuliwa upya kila miezi sita, na wahudumu wetu ni waigizaji lakini wanashika sahani, kwa hiyo nao wakaenda kupimwa, na yule Kanali akalalamika mpaka mlangoni kwamba yeye ni mtu wa ndotoni. Nenda ofisi ya kaunti mapema uulize kibali cha shughuli, waarifu polisi, na ukipiga nyimbo za watu kwenye spika kuna leseni yake. Sisi tulipiga ngoma na nyimbo tulizotunga wenyewe, ikawa rahisi na ikawa nzuri zaidi.

Saa za kuanza. Tuliweka baada ya Isha, watu waswali kwa utulivu wafike. Kuku achinjwe kwa utaratibu wa Kiislamu na mtu amjue aliyechinja, hilo hapa huulizwi ukalijibu kwa "nadhani". Na hatukuuza pombe eneo la meza siku za mchezo, mwenye ukumbi akanuna, lakini familia zilikuja na bibi zao, na bibi mmoja akija na ukoo wake ni tiketi saba.

Kulikuwa na onyesho moja la kurushiana chakula, lile watu wamelizoea kwenye vichekesho vya nje, meneja anatupa chipsi, Bi Karai anajibu kwa kiazi. Tulipolifanya mara ya kwanza kwa viazi vya kweli, mama mpishi alizima gesi. Hakupiga kelele. Alisema, "Wanangu, chakula ni neema ya Mungu, hapa kwenye karai langu hakirushwi." Vijana wakataka kubisha ati ni sanaa, mimi nikawaambia kama yeye ameona hivo, meza ishirini zitaona hivo hivo na hazitasema, zitaacha tu kuja. Tukaenda kwa mafundi wa magodoro tukapata vipande vya sponji, tukakata vipande virefu vya chipsi, tukavipaka rangi ya njano. Onyesho likawa bora mara kumi. Sponji inaruka polepole, inadunda kwenye kipara cha Kanali, watoto wanaziokota wanazirudisha vitani, na hakuna anayeona neema inakanyagwa. Mama mpishi alikuwa anatoka kuangalia hapo tu.

Jambo lililotusumbua kuliko yote ni hili: mtu anayetafuna hacheki. Siku ya kwanza tulipanga mistari mikali kabisa iwe wakati chakula kimefika, tukidhani watu wameshiba furaha. Kimya. Vichwa chini, mikono kwenye kuku, unasikia mifupa tu. Meneja alitoa mstari wake bora na aliyejibu ni paka. Waigizaji wakaingiwa na hofu wakaanza kupaza sauti, ikawa kero. Kumbe hakuna tatizo la mchezo, kuna tatizo la mdomo. Tukapanga upya: sahani zikishuka tu, maneno yanakoma. Unaingia muziki, unaingia mchezo wa mwili, Kanali anajaribu kufungua pakiti ya tomato sosi kimya kimya mpaka inamrukia, kitu cha kutazama kwa jicho moja huku unakula. Kama robo saa hivi. Ukiona mikono inaanza kupanguswa, rudi na maneno, na hapo watu wamenyamaza muda mrefu na tumbo liko sawa, mzaha mdogo tu unawaangusha. Pia tulipunguza mifupa, watoto wapewe vipande visivyo na mfupa, manake mtu kucheka na mfupa kooni si mchezo.

Waigizaji wenyewe wasile jukwaani ila ilivyoandikwa. Chipsi inakausha mdomo, huwezi kutamka.

Halafu lile swala la kipi ni mchezo na kipi ni kweli. Mhudumu wetu alimwambia mzee mmoja "chipsi hakuna, jaza fomu" kwa ule uso mkavu tuliomfundisha, na mzee akasimama. "Kijana, mimi nimekuja kula, sikuja kuchezewa." Meza za karibu zikashangilia, zikidhani naye ni mwigizaji. Hapo mzee akazidi kukasirika. Ilibidi nitoke nyuma, "Shikamoo mzee, samahani sana, chakula chako kiko jikoni na kinakuja sasa hivi, hii ni hadithi tu," nikamletea viazi karai vyake kabla ya wote nikakaa naye mpaka akatulia. Mwisho wa usiku alikuwa anamwita meneja mezani kumpa ushauri wa biashara. Kuanzia hapo tukaweka alama: mhudumu mwenye kitambaa chekundu begani anaigiza, asiye nacho ni wa kweli, mwambie shida yako. Msema-karibu anaitangaza mwanzoni, na tunauliza mlangoni nani anadhurika na karanga au samaki, hiyo haiigizwi.

Kinyume chake nacho kilitokea, stima ilipotea katikati ya mchezo na watu wakapiga makofi. Wakakaa gizani wakingoja kinachofuata. Bi Karai akawasha tochi ya simu chini ya kidevu akaendelea kumdai meneja deni, na kijana wa jenereta akakimbia. Jenereta iwe imewashwa ikajaribiwa mchana, na ujue aliye na petroli ni nani kwa jina.

Hela. Tiketi tuliuza 1,200 mkubwa, 600 mtoto, chakula ndani. Sahani moja ilitusimamia kama 400 ukijumlisha kuku, viazi, mafuta na gesi. Mwenye ukumbi alichukua soda na juisi zote badala ya kodi, mpango mzuri kwetu. Vilivyotula kimya kimya ni nauli na chai za mazoezi, kukodi vyombo vya sauti, jenereta, na vyeti vya afya. Usiku wa kwanza tulipoteza, kwa sababu watu walisema "niwekee tano" kwa mdomo, tukawapikia, hawakuja, na kuku aliyekwisha ungwa hana pa kurudi. Baada ya hapo aliyelipa kwa M-Pesa kabla ya saa sita mchana ndiye aliyepikiwa. Walinuna, wakalipa. Usiku za mwisho zilijaa na kila mwigizaji akapata kitu cha kuonyesha nyumbani, si kingi. Lipa mpishi kwanza, usiku huo huo, kabla ya kuhesabu kingine chochote. Waigizaji watavumilia hadi asubuhi, mpishi akiondoka na kinyongo kesho huna mchezo.

Mafuta yaliyotumika tuliyachuja, tukayatumia si zaidi ya usiku wa pili, yakianza kuwa meusi na kutoa povu yakatoka.

Sasa Lamu wametuita tuupeleke. Viazi na karai vitafika Mokowe kwa gari halafu vinavuka kwa boti, hiyo tumeshaipigia hesabu. Kinachotusumbua ni onyesho la boda anayeleta oda kwa pikipiki akipiga honi kati ya meza, manake vichochoro vya mji wa kale mzigo hubebwa na punda, na watu wa kule wanataka wamwone punda. Mwenye sehemu hiyo amezaliwa Malindi, pikipiki anaijua, punda amesema anamwogopa tangu mdogo, na mazoezi yanaanza Jumamosi.